Mibofyo ya Saa Moja Asubuhi

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne na kuwekwa pembeni ya kompyuta. Ndicho kitu cha kwanza Sajini alichokiandika kwenye daftari lake asubuhi ile, kabla hata hajamwitikia Fundi salamu vizuri.

Kilikuwa kitambaa cha kufunikia kompyuta, cha maua ya buluu, kimepigwa pindo na mkono unaojua kazi. Aliyekishona alizikwa miezi saba iliyopita. Watu walimwita Mama Vipuri, na wengi hawakujua kama alikuwa na jina jingine.

"Kompyuta hii nani anaitumia?" Sajini aliuliza.

"Waya. Mimi sijui hata kuandika humo," Fundi alijibu. Alikuwa amekipakata kichwa cha cherehani mapajani kama mtoto mwenye homa, anakitia mafuta tone kwa tone.

Sajini aliinama. Vitufe vya kuandikia vilikuwa na vumbi la kuchora jina kwa kidole. Kipanya kando yake kiling'aa kama kitasa cha mlango wa benki. Kushoto kwa kipanya palikuwa na makopo mawili ya bobini za uzi, moja tupu, jingine limejaa. Aliandika yote hayo. Hakujua yanamwambia nini, lakini miaka ishirini na mbili ya upolisi ilimfunza kuandika kwanza, kuelewa baadaye. Wakubwa zake walifanya kinyume, walielewa kwanza kisha wakamtaka yeye aandike walichoelewa. Siku aliyokataa, walimstaafisha.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili. Vyerehani vilijaa juu ya meza, chini ya meza na kwenye rafu mpaka darini, vya mkono na vya miguu, vingine vyeusi vyenye maua ya dhahabu yaliyofutika, vile vilivyokuwa kwenye kila nyumba wakati watu walishona nguo badala ya kununua zilizovaliwa na wengine. Ukutani kulikuwa na kalenda. Kwenye mwezi uliopita, siku nne zilikuwa zimezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu.

"Nisomee hesabu kwa mara ya mwisho," Sajini alisema. "Polepole. Mimi shule iliniacha mapema."

"Iliniacha mimi pia." Fundi aliweka kopo la mafuta chini. "Mke wangu alifungua tovuti miaka kumi na moja iliyopita, akaiita jina lake, mamavipuri. Waya akamwekea mitambo, mengine yote akafanya yeye. Akapiga picha mikono yake ikitengeneza cherehani, hatua kwa hatua. Mtu aliye mbali, cherehani imegoma, anafungua, anaangalia, anafuata. Pembeni ya picha kuna matangazo ya vitambaa, nyuzi na mikasi. Mtu akibofya tangazo, kampuni ya matangazo inamlipa. Laki nne kwa mwezi alikuwa analipwa. Nilikuwa nacheka."

"Ukicheka nini?"

"Nilimwambia hizo ni kelele za kompyuta. Kazi ni ile yenye mafuta kwenye kucha." Alitazama kucha zake. "Tulipomzika, mwezi wa kwanza zikaja laki nne. Wa pili, laki moja na thelathini. Na ndivyo zilivyo mpaka leo. Sasa kampuni inayoagiza vyerehani vipya inataka kulinunua jina. Milioni mbili na ushee. Tunasaini leo saa tisa alasiri."

"Na unaona zimeliwa."

"Kila hesabu inapita kwa Waya. Ni ndugu wa mke wangu, nimemlea tangu hana ndevu. Nikisaini leo bila kumjua mwizi, Sajini, nitakuwa nimeuza jina la mke wangu kwa bei ya mtumba. Na kesho Waya nampeleka kituoni. Shemeji asiwe shemeji tena."

"Kituoni utakaa kwenye benchi mpaka suruali itoboke. Najua, nilikuwa upande wa pili wa kaunta." Sajini alifunga daftari. "Macho vipi?"

"Tangu wanitoe ule ukungu naona hata nisichotaka kuona."

Ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi.

*

Ofisi ya dalali ilikuwa juu ya duka la kuchapisha kadi, ngazi kumi na saba, Sajini alizihesabu kwa goti lake bovu. Dalali alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Zamani aliuza viwanja.

"Viwanja nimeacha," alisema akimvutia kiti. "Kiwanja kimoja wakubwa wanatoa hati tatu, wateja watatu wanakuja kulia kwangu. Jina la tovuti lina hati moja tu. Kaa, mzee wangu. Umekuja kuniuliza kama nimemuuza Fundi."

"Umemuuza?"

"Katika kila kumi ninazouza, moja ni yangu. Bei ikishuka, na mimi nashuka. Nikimwibia Fundi najiibia mwenyewe."

"Mnunuzi anaweza kukuwekea kitu mfukoni kikubwa kuliko hiyo moja."

Dalali hakukasirika. Alivuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza imwelekee Sajini. "Shika hii. Kisha nihukumu."

Karatasi ilikuwa na mistari michache. Sajini alitoa penseli yake fupi iliyochongwa pande zote mbili. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimchongea hivyo, ili ncha moja ikivunjika kazini asirudi nyumbani kutafuta penseli nyingine. Sasa alichonga mwenyewe, na kila mara upande mmoja ulitoka kombo.

"Nifundishe bei," alisema.

"Jina ambalo halijaanza kuingiza kitu ni maneno matupu, bei yake ni kubahatisha. Jina linaloingiza ni kama mbuzi wa maziwa. Hauzwi kwa rangi yake. Unauliza, anatoa lita ngapi? Basi nachukua pesa ya mwezi. Natoa gharama zake: ada ya jina ya kila mwaka, kodi ya pale tovuti inapokaa, malipo ya anayeiangalia. Kinachobaki ndicho cha kuzidisha."

"Kuzidisha mara ngapi?"

"Hapo ndipo watu wanapotoana macho. Kwa biashara ndogo kama hii, mimi huanzia miezi ishirini na nne. Ikiwa mapato yametulia, hayategemei mtu mmoja, wageni wanakuja wenyewe, napanda mpaka thelathini. Yakiwa yanaporomoka, mnunuzi anashika ishirini na nne au chini yake na hakuna wa kumlaumu."

"Na miezi ya kuangalia?"

"Ningependa mwaka mzima. Meneja wa mnunuzi anang'ang'ania sita ya mwisho. Ni haki yake, hiyo sita ndiyo anayoiona. Elfu tisini safi kwa mwezi mara ishirini na nne. Haya, piga."

Sajini alipiga pembeni ya daftari, akibeba namba kwa midomo. Milioni mbili, laki moja na elfu sitini.

"Sasa piga ule mwaka wa mwisho wa mama yule. Laki nne, toa elfu arobaini za gharama. Mara thelathini."

Alichukua muda mrefu zaidi. Alipomaliza alihesabu tena, maana hakuiamini ile sifuri. Milioni kumi na laki nane.

"Huo ndio mwizi wako," Dalali alisema. "Ana milioni nane na nusu begani na sijui anaishi wapi. Lakini nikuonyeshe kitu ambacho Meneja hataki tukizungumzie." Aligonga mstari wa chini. "Wageni wa tovuti. Walikuwa elfu ishirini na mbili kwa mwezi wakati yu hai. Mwezi uliopita, elfu ishirini na mbili na mia tatu."

Sajini aliinua uso. "Hawajapungua."

"Hata mmoja. Na katika kila kumi, sita hawakuletwa na mtu wala kutafuta popote. Waliandika jina lenyewe moja kwa moja, mamavipuri. Hao ndio dhahabu, maana hata wakubwa wa mitandao wakibadilisha mambo yao kesho, hao bado watakuja. Nimekaa kwenye kazi hii miaka tisa, sijaona sita kwa kumi. Hujiulizi wamelijulia wapi?"

"Stika," Sajini alisema.

Aliziona tangu siku ya kwanza alipokwenda karakana. Kila cherehani iliyopita kwa Mama Vipuri ilipinduliwa, na chini ya kitako ikabandikwa kijikaratasi kilichoandikwa jina la tovuti kwa mkono. Cherehani ikigoma miaka mitano baadaye, mtu anaipindua, anamkuta pale.

"Watu wamebaki, pesa imeondoka," Dalali alisema. "Kama pesa ingehamishiwa mfuko wa mtu mwingine, ningeona alama ya mfuko huo kwenye kurasa. Nimekagua, haipo. Nenda kaangalie wanaobofya. Na saa tisa usichelewe, yule Meneja anatembea na saa mbili mkononi."

*

Waya alikuwa na meza ya kutengeneza simu mitaa miwili kutoka karakana. Alikuwa na miaka arobaini, mwembamba kama jina lake, na hakuinua kichwa.

"Umekuja na pingu?"

"Pingu walininyang'anya na kofia," Sajini alisema. "Nataka kuona wanaobofya."

"Mzee yule anadhani nimemla dada yangu." Waya aliweka bisibisi chini kwa taratibu ya mtu aliyetaka kuitupa. "Miezi saba namwambia twende tukae na kompyuta pamoja, ananiambia ana kazi. Sasa amepata muda wa kuniajiria polisi mstaafu."

"Wanaobofya, kijana wangu."

Waya aligeuza kompyuta yake ya mapajani. Orodha ilikuwa ndefu, Sajini akamfanya aisome tangu mwezi ule wa anguko. Saa, ukurasa, laini ya mtandao. Walipofika mstari wa ishirini Waya alinyamaza mwenyewe.

"Endelea."

"Hii ni laini ya karakana." Aliteremsha, akateremsha tena. "Kila siku. Saa moja na dakika kumi, saa moja na robo. Mtu anakaa kwenye ukurasa mmoja, anabofya matangazo. Mara arobaini. Kesho yake arobaini tena."

"Ukurasa upi?"

"Kupitisha uzi kwenye cherehani ya mkono. Ule wa kwanza kabisa aliouandika dada."

"Wewe una ufunguo wa karakana."

"Ninao."

"Na kampuni ikiona mwenye tovuti anajibofyea?"

"Inamfyeka. Inazuia matangazo, inamrudishia aliyetangaza pesa yake." Waya alipauka. "Sajini, mimi ndiye niliyemfundisha dada hilo. Usiguse tangazo lako mwenyewe, hata kwa bahati mbaya. Ningefanyaje mimi?"

"Anayetaka bei ishuke angefanya. Mnunuzi angekushukuru." Sajini alimtazama usoni bila haraka. "Saa moja asubuhi uko wapi?"

"Nampeleka binti yangu shule. Getini tunasaini. Kasome daftari lao, maana neno langu najua halitoshi."

Halikutosha. Sajini alikwenda. Mlinzi wa geti, askari mwenzake wa zamani, alimfungulia daftari bila kuuliza barua ya mkubwa yeyote, na kwa dakika ishirini walilipitia wote wawili vidole vikiteleza. Sahihi ya Waya ilikuwa pale kila siku ya shule, saa moja kasoro dakika tano mpaka saa moja na robo. Shule ilikuwa ng'ambo nyingine ya mji. Mtu hawezi kusaini geti hili na kubofya kule.

Aliporudi kwa Waya alikuta orodha imeshanakiliwa kwenye karatasi. Sajini alichora vijiti, kijiti kimoja kwa kila asubuhi yenye mibofyo, kama alivyokuwa akihesabu mahabusu. Vijiti vilikwenda sawa, mstari baada ya mstari, kisha penseli ikasita.

"Hapa pana pengo. Mwezi uliopita, tarehe kumi na moja mpaka kumi na nne. Hakuna mbofyo hata mmoja."

"Labda umeme."

"Umeme ungekatika, laini ya karakana ingekufa siku zote nne. Lakini tarehe kumi na mbili mchana kuna mtu ameingia kwa laini ya karakana."

"Huyo mimi. Nilikwenda kubadilisha picha moja. Siku hizo nilikuwa nawafungulia wateja, Fundi alikuwa..."

Waya hakumaliza. Wote wawili walikuwa wakiona kalenda ileile ukutani, na duara nne nyekundu.

"Alikuwa hospitali, akitolewa ukungu wa macho," Sajini alisema. "Siku nne kitanda kimoja na mwenzake, kwa sababu mkubwa mwenye ufunguo wa wodi mpya alikuwa semina."

Semina aliijua. Mke wake mwenyewe alisubiri sahihi ya mkubwa aliyekuwa semina, na sahihi ilipokuja hapakuwa tena na wa kusainiwa. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni.

"Twende," alisema. "Usiseme kitu mpaka nikuambie."

*

Fundi alikuwa amemaliza kile kichwa cha cherehani na kukisimamisha. Alipomwona Waya alikaza taya. Waya akasimama mlangoni, hakuingia.

"Saa saba na nusu," Fundi alisema. "Mwizi umempata au hukumpata?"

Sajini alivuta kigoda. "Asubuhi ukifika hapa unafanya nini?"

"Nafungua mlango."

"Saa ngapi?"

"Saa moja. Nawasha taa. Nakunja kitambaa chake."

"Halafu?"

"Nabonyeza pale pa kuwashia. Inajifungua yenyewe, alivyoiacha. Inatoka ile picha ya mikono yake, ana kovu la pasi hapa." Fundi alijigusa chini ya kidole gumba. "Namsalimia. Usinicheke."

"Sicheki. Halafu?"

"Halafu namuungisha."

Mlangoni Waya alishusha pumzi.

"Unamuungisha vipi?" Sajini aliuliza.

"Si alinieleza mwenyewe? Mtu akibofya tangazo wanamlipa. Miaka kumi na moja alikaa pale kwenye kona, mimi hapa, na sikuwahi kumbofyea hata moja. Wateja wa mbali wanamuungisha, mume wake hapana. Basi sasa namuungisha. Arobaini kila asubuhi." Alionyesha makopo. "Nahesabu kwa bobini. Nikibofya, natoa moja huku naweka kule. Nikimaliza namfunika, naanza kazi. Leo ulinikuta mapema, sikuwahi kumfunika."

Sajini alitazama makopo mawili, moja tupu, moja limejaa. Alitazama kipanya kilichong'arishwa na kiganja kimoja kwa miezi sita. Katika kazi yake alikuwa amewatajia watu wengi makosa yao, na hakukumbuka lililokuwa gumu kama hili.

"Fundi. Hairuhusiwi."

"Nini?"

"Mwenye tovuti kujibofyea. Kampuni inaona mibofyo inatoka nyumba ileile, inaona kama ni udanganyifu. Inazikata pesa."

Fundi aliangalia kompyuta, kisha Waya, kisha tena kompyuta. "Wangeniambia," alisema.

"Huenda waliandika. Barua zake za kwenye mtandao nani anafungua?"

"Hakuna. Waya alitaka, nikamkatalia. Barua za mtu hazifunguliwi. Hata akiwa hai sikuwahi kufungua."

"Leo itabidi."

Fundi alisogea, akampisha shemeji yake kwenye kiti cha marehemu. "Mfungulie dada yako," alisema.

Waya aliandika neno la siri kwa vidole viwili, vumbi likabaki na alama. Barua zilikuwa mia mbili na kumi na sita. Tatu zilitoka kwa kampuni ya matangazo, kwa lugha ya wakubwa, ndefu kama hukumu. Waya alizitafsiri. Ya kwanza ilionya. Ya pili ilizuia sehemu kubwa ya matangazo. Ya tatu ilisema kizuizi ni cha akaunti hiyo, wala si cha jina la tovuti, na kwamba mibofyo ya mwenyewe ikikoma siku thelathini mfululizo, matangazo yatarudi yalivyokuwa.

Sajini alisikiliza akiwa amekunja mikono. Barua tatu kwa mtu aliyezikwa. Hakuna mkubwa hata mmoja kule aliyenyanyua simu kuuliza kwa nini mwanamke aliyetii sheria miaka kumi na moja ameanza kuvunja saa moja kila asubuhi. Na kwao hapakuwa na mlango wa kubisha, mtu akajua basi hata wa kumtukana.

"Nyingine zote ni za nani?" Fundi aliuliza.

"Wateja," Waya alisema. "Huyu springi ya kukaza uzi imemkatikia. Huyu anashukuru, amemshonea binti yake sare. Huyu..." Akakohoa. "Huyu anauliza mbona Mama Vipuri kanyamaza siku hizi, au anaumwa."

Fundi alikaa juu ya lundo la vyuma chakavu.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Hakuna mwizi," Sajini alisema. "Zilirudi kwa waliotangaza. Simama. Tuna saa moja, na ngazi za yule mama ni kumi na saba."

*

Meneja alikuja na kalamu yake mwenyewe. Saa mbili mkononi zilikuwa chumvi ya Dalali, alivaa moja tu, ila aliitazama kama mbili. Mkataba ulikuwa mezani, milioni mbili, laki moja na elfu sitini.

Sajini alimwambia Fundi njiani kuwa si lazima aseme. Dalali alimwambia Sajini kuwa ni lazima, mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Fundi alisema kabla hawajamaliza kukaa.

"Nilikuwa nabofya mimi. Kila asubuhi. Sikujua."

Meneja aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo hizi takwimu ni za uongo."

"Za miezi sita," Dalali alisema, "na zimedanganya kwenda chini. Za miezi kumi na mbili kabla yake ni safi, barua za kampuni hizi hapa, hakuna onyo hata moja la miezi hiyo. Kizuizi ni cha akaunti ya marehemu. Wewe utakuja na akaunti yako. Wageni elfu ishirini na mbili watakukuta, na sita kwa kumi wanaliandika jina kwa kichwa. Bei yake ni milioni kumi na laki nane."

"Hiyo ni bei ya hadithi. Mapato ninayoyaona ni elfu tisini."

"Basi subiri uyaone. Siku thelathini akaunti itafunguka. Mwezi mmoja utatosha kukuonyesha."

"Wakubwa wangu waliidhinisha kwa leo. Kesho wanaweza kununua jina jingine." Meneja alisukuma mkataba kwa Fundi. "Mzee, milioni mbili mkononi. Usimsikilize mtu anayelipwa kwa asilimia."

Fundi aliutazama mkataba. Chini kabisa palikuwa na jina la mke wake, limeandikwa kwa mashine. Aligeuka.

"Shemeji," alisema, na Waya akashtuka kama aliyeitwa kutoka mbali. "Wewe unasemaje?"

"Dada hakuwahi kukubali bei ya cherehani kabla hajaipindua kuangalia chini. Hata mteja akiwa na haraka. Hasa mteja akiwa na haraka."

Fundi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Sajini amfahamu. Alisukuma mkataba urudi ulikotoka.

"Sisaini."

Meneja alikusanya karatasi zake. Mlangoni alisimama, mkono kwenye kitasa, akamwuliza Dalali bila kugeuka, "Siku thelathini, umesema?"

"Thelathini," Dalali alisema. "Mfululizo. Ukija ya thelathini na moja utanikuta, sina pa kwenda."

Akashuka, wakamsikia ngazi zote kumi na saba. Dalali alivua miwani ya machoni na kuivaa ya kichwani.

"Mzee wangu," alimwambia Fundi, "umeelewa maana yake? Usiguse. Hata ukurasa wake usiufungue, kidole kinaweza kuteleza. Mbofyo mmoja wa laini ile tunaanza upya kuhesabu."

"Hata kumwona?"

"Hata kumwona."

Fundi alitoa ufunguo wa kijikabati chenye swichi ya umeme wa kompyuta, akampa Waya.

*

Kesho yake saa moja Sajini alikuwa mlangoni pa karakana. Alijiambia anafuata malipo yake. Fundi alifungua, akawasha taa, akaenda mpaka kwenye meza kwa mazoea. Kitambaa cha maua ya buluu kilikuwa kimefunika kompyuta. Hakukikunja. Alibaki amesimama pale, mkono wa kulia ukiwa umekaa umbo la kipanya, hauna pa kwenda. Makopo mawili ya bobini yalikuwa palepale, na leo hapakuwa na ya kuhamisha.

Sajini alitazama rafu. Alinyoosha mkono, akashusha cherehani moja nyeusi ya mkono, nzito, akaibeba mpaka mezani na kuilaza ubavu, kitako juu.

Stika ilikuwa imechakaa pembeni. Maandishi yalikuwa ya wino, herufi zimeinama mbele kama mtu anayeharakisha kurudi kazini.

Fundi aliinama karibu, na macho yake mapya yaliona kila kitu. Kidole chake kilisogea, kikasimama kabla ya kufika.

"Hii nikiigusa," aliuliza, "kuna wa kumkata pesa?"

"Hii hakuna," Sajini alisema.

Fundi akaigusa.